Barua ya wazi kwa DC wa Bagamoyo: ajira za utalii tuzihesabu mpaka soko la samaki

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo.

Mi ni mkazi wa Dunda, natembeza wageni: Ngome Kongwe, Caravan Serai, kule misheni mwili wa Livingstone ulipolazwa 1874, halafu magofu ya Kaole. Naandika kwa sababu siku moja nikiwa na wageni kwenye lodge alikuja kijana na fomu ya kuhesabu ajira za utalii, akauliza wafanyakazi wangapi, akaambiwa kumi na wanne, akaandika akaondoka zake.

Sasa Mheshimiwa, asubuhi ileile nilikuwa soko la samaki, mchuuzi mmoja kwenye mnada kachukua ndoo mbili za kolekole, moja ya lodge hiyohiyo nyingine anaenda kuuza mtaani, kuna kijana kampalia samaki kalipwa, bodaboda kapeleka mzigo kalipwa, na hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye ile fomu. Ila na sisi tusijidanganye, ndoo moja tu ndo ya utalii, kwa hiyo mchuuzi yule ahesabiwe nusu, asihesabiwe mzima.

Na wale kumi na wanne wenyewe, masika ikipiga wengine wanaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, wengine wanaitwa wikiendi tu. Watu wawili wanaofanya kazi miezi sita sita hiyo ni ajira moja ya mwaka mzima, sio mbili. Umoja wa Mataifa wana mwongozo wa akaunti ya utalii, yaani hesabu za mchango wa utalii kwenye uchumi, wa 2008, nao unaanzia kwenye matumizi ya mgeni, hela yake imeenda kwenye nini, ndo unaunganisha na ajira.

Kuhesabu tiketi za getini hakutoshi kabisa kujua utalii unaleta ajira ngapi. Basi linatoka Dar na chakula kwenye maboksi, watu wanapiga picha Kaole, wananunua dafu, saa tisa wameshaondoka. Mgeni mmoja akilala siku mbili anaacha hela kwa watu wengi zaidi mjini.

Ombi langu, mgeni aulizwe getini amelala wapi na ametumia shilingi ngapi hapa Bagamoyo, na hoteli ziulizwe nyanya, mchele na samaki wanatoa wapi, maana vikitoka Dar ile ajira iko Dar. Waulize mwezi wa nne masika ikiwa imepiga, warudi tena wa nane mvua zikiwa zimeisha.

Huyo mchuuzi yupo sokoni kila siku asubuhi. Mtu wako akija na fomu nitampeleka mwenyewe.