Bustani ya Lindi isiwe na geti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Mtanda, aliyeandika wiki iliyopita kwamba mji wetu wa Lindi ujengewe bustani ufukweni, izungushiwe uzio, iwekewe sanamu ya yule mjusi wetu mkubwa wa kale, dainosaria, aliyeko Ujerumani, na watu walipe kiingilio getini. Kwenye bustani tuko pamoja, na kwenye mjusi pia. Getini ndipo tunapoachana.

Mimi ni karani wa forodha mstaafu. Nimekula mshahara wa serikali kwa kuandika mizigo ya watu miaka thelathini na moja, nikihamishwa huku na huku, lakini nyumbani ni hapa Ndoro. Mwaka jana mwezi wa nane tulikwenda Unguja, harusi ya mtoto wa shemeji yangu. Nyumba ya shughuli ilikuwa Kikwajuni, na kila jioni mimi na mke wangu tuliwakimbia wapishi na kelele za ngoma tukajikongoja kwa miguu mpaka Forodhani, bustani ya ufukweni pale Mji Mkongwe. Tulikwenda jioni tatu. Mke wangu ana magoti mabovu, kwa hiyo safari ya dakika ishirini sisi tulikwenda saa nzima, tukipumzika barazani kwa watu.

Jioni ya kwanza tulikaa kwenye benchi linalotazama bahari, tangu baada ya alasiri mpaka taa zikawaka. Mke wangu alikuwa na kashata zake alizofunga kwenye pindo la kanga. Hakununua kitu, hata maji. Wauzaji walipita, wakatusalimu, wakaenda zao. Hakuna aliyetuuliza tunakula nini wala tunaondoka saa ngapi. Mheshimiwa wa Mtanda, nilichokiona Forodhani ni hicho. Mengine yote ni nyongeza.

Sasa nikueleze Idi ya mwaka huu hapahapa Lindi. Tulishuka pwani, tukaona viti vya plastiki chini ya mwavuli, tukakaa. Haikupita dakika, kijana akaja kwa adabu zake zote: "Shikamoo mzee. Samahani, viti ni vya wateja." Simlaumu, viti kavinunua kwa fedha yake. Tukaagiza soda mbili. Mke wangu ana sukari, mimi soda inanijaza gesi, basi zile chupa zikakaa mezani zikitoa jasho na sisi tunazitazama. Mji umezungukwa na maji, ng'ambo ile unaiona Kitunda, lakini ukitaka kuitazama bahari ya Mungu ukiwa umekaa, lazima uagize soda.

Nirudi Forodhani, maana historia yake inatuhusu. Jina lenyewe ni la kazi yangu. Hapo ndipo palipokuwa pa forodha, mizigo ikishushwa na kuandikwa, mbele kabisa ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga ufuo huo kwa muda usiofika saa moja, kasri iliyokuwa jirani ikawa kifusi. Baadaye shughuli za bandari zilihamia Malindi ya hukohuko Unguja, ule uwanja ukabaki. Mwaka 1936 ukafanywa bustani, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub katika kiti, kwani alitawazwa 1911. Iliitwa bustani ya Jubilii. Mapinduzi yakaja, usultani ukaondoka, jina la Jubilii likasahaulika, na watu wakaendelea kusema Forodhani kama walivyokuwa wakisema siku zote.

Wala haikuwa nzuri wakati wote. Nilifika mara moja kikazi miaka ya tisini, pakiwa pamechoka: vumbi, majitaka, na giza la kukanyagana. Ilifungwa mwaka 2008 ikafumuliwa, kazi chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa upya Julai 2009 ikiwa na nyasi, taa na njia za kupita. Beit el Ajaib ndiyo imepata msiba: upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020, na mafundi wakafa humo. Ukikaa bustanini unalitazama jumba lile lilivyojeruhiwa, na bado watoto wanacheza chini yake.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kila mgeni anarudi na hadithi ya pweza. Miwa inakamuliwa na tangawizi na ndimu, hiyo nilikunywa mara tatu. Pizza ya Zanzibar si pizza, ni chapati ya mayai yenye makuu. Na bei wanakuangalia usoni kwanza. Mke wangu alipojibu kwa lafudhi ya Kusini wakampunguzia, mimi nikalipa ya mtalii. Kilichonipendeza zaidi ni vijana wanaopiga mbizi kutoka ukutani maji yakijaa. Wanakimbia kutoka mbali, wanaruka, mmoja anapinduka hewani mara mbili, na ukumbi mzima unapiga makofi bila kukata tiketi.

Nasi tunayo forodha yetu. Bandari ya Lindi ndiyo iliyompitisha mjusi. Wengi hapa mjini tunajua kwamba yuko Berlin, lakini jinsi alivyofika huko hatuwaelezi watoto. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona mifupa mikubwa kilimani Tendaguru, kaskazini-magharibi ya hapa, kama kilomita 60. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa, na njaa iliyofuata ilikuwa bado imo matumboni mwa watu. Kuanzia 1909 hadi 1913 wakachimba, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, na kwa mikono ya mamia ya watu wa huku. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikaletwa Lindi kwa miguu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, kisha zikapakiwa melini. Kiunzi cha mjusi mkubwa kilisimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na jinsi kinavyosimama sasa urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Huo mwaka 1937 ni mwaka mmoja tu baada ya watu wa Unguja kupata bustani yao.

Hapa naomba niseme kama karani. Daftari la mizigo lina safu zake: mali ni nini, uzito kiasi gani, ya nani, inakwenda wapi. Safu ya mbebaji haipo. Nimejaza madaftari hayo maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo, mpaka siku moja mwalimu wa sekondari alipokuja kuniuliza kama kuna mahali palipoandikwa majina ya waliobeba mifupa. Nilicheka kwanza. Halafu sikulala.

Wachache majina yao tunayo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mjusi mmoja kati ya waliotoka Tendaguru alipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, Wamwera wetu hawa hawa, pamoja na Mohammadi Keranje aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji. Wataalamu wa ng'ambo wamewapa wazee wetu mijusi miwili. Sisi hatujawapa hata benchi.

Kwa hiyo sanamu ya saruji ya mheshimiwa wa Mtanda mimi naiogopa. Saruji ya pwani inachanika, nondo zinakula kutu, miaka mitano mjusi anakatika mkia na mbuzi wanalala chini yake. Wekeni mlingoti mmoja mnene wa mita 13.27, upigwe rangi pale kichwa chake kilipofika. Mtoto asimame chini, ainue macho mpaka kofia imdondoke, ataelewa kuliko kwa sanamu. Na chini ya mlingoti liwekwe bamba la jiwe lenye jina la Boheti bin Amrani, jina la Mohammadi Keranje, na nafasi kubwa iachwe tupu kwa ajili ya wale wengine.

Kisha kivuli. Marehemu mama yangu alikipitia kimbunga cha Aprili 1952 hapa Lindi, akiwa msichana. Alipokuwa akisimulia, hakuanza na mabati wala mashua. Alianza na mwanga: asubuhi yake walitoka nje, mji ukawa mweupe, jua linapiga kila mahali kwa sababu miti imelala. Bustani za siku hizi zinanikumbusha asubuhi hiyo. Tunatandaza pevingi, tunaweka viti vya chuma, saa sita mchana hata kunguru hakai. Minazi isipandwe karibu na viti, nazi haina urafiki na kichwa cha mtu. Upande wa maji iwekwe mivinje, inavumilia chumvi. Ndani iwe mikungu, matawi yake hutanda kama mkeka na watoto wanagombea kungu.

Najua nitaulizwa: bila kiingilio nani atalipa wa kufagia? Swali la haki. Nimekaa mapokezi ya fedha muda mrefu, na nakuhakikishieni geti dogo humlisha zaidi anayekaa getini. Wauza pweza, miwa na mihogo wapewe meza, walipe ushuru kwa Manispaa kama wanavyolipa sokoni, na ushuru huo ufagie. Anayetaka kula ale. Anayetaka kukaa na kashata zake akae. Ukiweka kiingilio, hata kikiwa kidogo namna gani, mama wa Rasbura mwenye watoto wanne atapiga hesabu ya nauli, ataongeza ya geti, atarudi kukaa uani kwake. Na yeye ndiye mjukuu wa wabebaji.

Mke wangu ameisoma barua hii. Anasema nimeandika sana na nimesahau choo. Ni kweli: kiwepo choo, kiwe na maji, na kiwe karibu, kwa ajili ya wenye magoti.

Miche minne ya mkungu iko uani kwetu kwenye makopo ya maziwa, imeshafika kiunoni na mizizi inatoboa kopo. Itafaa kuingia ardhini mvua za Desemba zikianza. Jembe ninalo. Nasubiri tu kuonyeshwa pa kuchimba.

Karani mstaafu wa forodha,
Ndoro, Lindi