Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: lile lundo la vumbi la mbao limemuunguza mtoto

Kamwene Mheshimiwa, na shikamoo.

Jina lako siandiki na ofisi yako siitaji, unajijua, na watu wa huku kwenye mbao wanakujua. Mimi ni mama wa miaka 47, mjane, nina dingdong moja, yaani mashine ndogo ya kuchana mbao, aliyoniachia marehemu mume wangu, nachana mbao za misindano (paini) huku Nyanda za Juu Kusini toka 2011. Nimeshakuandikia barua mbili za kawaida na mara zote mbili nimejibiwa faili lipo mezani. Hii ya tatu naiandika hadharani kwa sababu uvumilivu uliniisha Alhamisi iliyopita saa kumi jioni.

Siku hiyo mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, alikatiza juu ya lile lundo akifukuza mbuzi. Juu palikuwa pakavu, hakuna moshi, hakuna dalili yoyote. Akazama mpaka magotini. Chini kulikuwa na moto. Vumbi la mbao ndo lilivyo Mheshimiwa, likirundikwa likanyeshewa linachemka lenyewe kwa ndani, na likishika moto linaungua kimya kimya wiki nzima huku juu unaona vumbi tu. Tulimvuta kwa banzi, lile pande la pembeni mwa gogo lisilofaa mbao, yule mtoto analia kilio ambacho mpaka leo usiku nakisikia. Miguu yote miwili ina bandeji, shule haendi, na mama yake ananiangalia mimi kwa sababu hata mimi namwaga pale. Ni kweli namwaga pale. Ndipo tulipoelekezwa kumwaga, na kila tela likiingia tunalipa ushuru, risiti ninazo kwenye kopo.

Sasa nikukumbushe. Ulikuja mwenyewe, ukasimama palepale ukapigwa picha, ukasema ndani ya miezi mitatu tutapata eneo la mabaki mbali na nyumba za watu na utatutafutia mnunuzi. Ulisema mabaki ni mali. Tulipiga makofi na mimi nilipiga vigelegele. Siku ile lundo lilikuwa usawa wa paa la banda langu, leo limelizidi banda na limefika nyuma ya choo cha jirani, na hiyo miezi mitatu imepita mara nyingi mpaka tumechoka kuihesabu.

Labda pale ofisini mnaona hili ni jambo la juzi juzi. Si la juzi. Baba yangu alipanda miche Sao Hill, shamba la miti la serikali kule Mufindi, miaka ya 1970, kipindi kile serikali inapanda kwa nguvu, shamba ambalo majaribio yake yalianza 1939 na leo lina zaidi ya hekta 135,000 ukijumlisha na misitu ya asili. Wakati ule uchanaji ulikuwa wa viwanda vikubwa, vichache, mabaki yako sehemu moja na unajua ni ya nani. Alafu miaka ya 1980 kikaja kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kile kinakula mpaka miti myembamba, kinaikata vibanzi kinaipika, kwa hiyo hata kile ambacho hakifai mbao kilikuwa na pa kwenda. Miaka ya 1990 kikasimama, mpaka kilipobinafsishwa miaka ya 2000. Na hapo hapo ile miti waliyopanda kina baba ikawa imekomaa, bei ya mbao Dar ikapanda, dingdong zikaingia kila kona, leo hapa kwetu ukiamka asubuhi unasikia mashine kila upande.

Na dingdong inakula, sisemi uongo kwenye kazi yangu mwenyewe. Msumeno wangu ni mnene, kila ukipita unakula karibu milimita 7, mbao ya inchi moja ni milimita 25, piga hesabu mwenyewe, kila nikitoa mbao nne kuna kama ya tano imegeuka vumbi. Hapo sijataja mabanzi, sijataja vipande vya mwisho, sijataja matawi na vilele vinavyobaki shambani. Gogo likiingia kwangu, chini ya nusu ndo inatoka ikiwa mbao. Msumeno wa mkanda unakula kidogo zaidi, najua, nimeuona, ila hela yake sina na benki wanataka hati ya nyumba.

Alafu kuna kitu kingine ambacho mimi ndo naona kimetuharibia zaidi, ni umri wa miti. Nilipoanza nilikuwa nachana misindano ya miaka 25 na zaidi, gogo moja unalizungusha mara nyingi unapata mbao za maana. Vibali vya ile miti mikubwa vikawa haba kwa sisi wadogo, tukahamia mashamba ya wakulima, na mkulima naye ana ada ya shule, ana mgonjwa, anauza mti wa miaka 9 au 10 kabla haujashiba. Mti mwembamba ukiutoa mabanzi pande zote nne, katikati kunabaki kitu kidogo sana, vijiti vya kenchi basi. Kwa hiyo kila mwaka tunakata miti mingi zaidi, mbao ni zilezile na taka inaongezeka. Daftari langu linaonyesha. Mwaka 2011 nilikuwa natoa tela moja la vumbi kwa wiki, sasa hivi ni karibu kila siku, na mashine ni ileile moja. Kwenye kibali nahesabiwa kyubiki (mita za ujazo) za miti, kwenye geti nahesabiwa mbao, mabaki sijawahi kuulizwa hata siku moja. Labda ndo maana lundo hamlioni, maana halijaandikwa popote.

Kwa nini lundo halihamishwi sijui kwa uhakika. Nadhani kila mtu anaona ni la mwenzake, huyu anasema kazi yake inaishia mti ukitoka shambani, yule anasema ni usafi wa kijiji, na kijiji hakina hata hela ya kukodi greda. Ila ushuru wa tela unajulikana ni wa nani, huo haujawahi kukosa mwenyewe.

Na si kwamba hakuna cha kufanya. Hapo Njombe tu kampuni ya miti ya miwati, TANWAT, iliyoanza 1949, toka 1995 ina mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaoendeshwa kwa kuchoma kuni na mabaki ya miti. Viwanda vya chai Mufindi vinakausha chai kwa kuni za milingoti, mabanzi yetu je? Mei 2024 serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034, na mkaa mbadala unatengenezwa na hili hili vumbi linalotuunguzia watoto. Kina mama hapa tuko 14, tuko tayari, tulishaomba mashine ya kushindilia vumbi liwe mkaa tukaambiwa tuandike andiko, tukaandika.

Lakini mashine iacheni kwanza. Mnunuzi mwacheni. Hata mkopo sitaki. Naomba eneo Mheshimiwa. Ekari chache tu, mbali na nyumba, na lile lundo lihamishwe kabla mvua hazijaanza, lizungushiwe uzio hata wa mabanzi, mabanzi nitayatoa mimi bure na vijana wa kupigilia nitawalipa mimi.

Eneo. Ulituahidi eneo.

Jumatatu saa tatu mtoto anabadilishwa bandeji zahanati. Tukitoka hapo tutapita ofisini kwako na yeye, nitakuwa nimembeba mgongoni maana hawezi kutembea, tutakaa pale kwenye benchi mpaka utoke.