Salamu za Krismasi kutoka kwa baba mwenye filimbi shingoni

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa,

Krismasi njema, na Mwaka Mpya uwakute wazima. Wengi wenu tumewasiliana mwaka huu kwa vipande vipande: ujumbe wa haraka, pole ya msiba, hongera ya harusi, simu iliyokatika katikati. Safari hii nimeona niandike barua ya kukaa kitako, maana kila nikiulizwa habari za siku nyingi najibu "nzuri tu" kisha tunaagana, na hizo si habari.

Habari zenyewe ni hizi. Kazi ipo, watoto wamerefuka, magoti yameanza kunidai. Mwaka umekwenda kwa ukaguzi wa hesabu, safari za kikazi, mazoezi ya mpira ya watoto na mlima mmoja. Kati ya yote hayo kuna jambo limenikaa kichwani hadi leo: watoto wangu hawazungumzi nami tukikaa tukatazamana. Huzungumza tukiwa wote tumekabili kitu kingine, iwe barabara, mpira, njia ya mlimani au ubao wa drafti. Mama yao hahitaji ujanja huu. Yeye wanamweleza kila kitu, hata akiwa amelala.

Nianze na kazi, iishe. Bado ni mkaguzi wa hesabu. Nasoma karatasi za watu wengine na kuuliza maswali ambayo hakuna anayependa kuulizwa: hati ya malipo haya iko wapi, nani aliidhinisha, mbona daftari linasema mashine tano na stoo naona nne. Kampuni nyingi hufunga mwaka wao wa fedha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo wenzetu wakiwa wanaagana na mwaka, sisi tuko ghalani tukishuhudia mali inavyohesabiwa, boksi kwa boksi. Hiyo kazi ya ghalani ndiyo naipenda kuliko zote, na sababu yake inahusiana na hao watoto. Mhasibu ukimketisha mezani ukamuuliza swali, anakupa jibu lililopigwa pasi. Tembea naye kati ya rafu mkihesabu makatoni, na kabla hamjafika mwisho wa safu ameshakueleza lori gani lilichelewa, nani hasemi na nani, na kwa nini yale mapipa ya kule nyuma hayajaguswa tangu yaletwe. Nimefanya kazi hii miaka mingi bila kufikiri kwamba nyumbani nako mambo ni hayo hayo.

Safari zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Wanaodhani kusafiri kikazi ni utalii nawaombea siku moja waamke saa nane usiku katika chumba cha hoteli, macho makavu, mwili ukidai kwamba kumekucha. Saa iliyo ndani ya mwili husogea polepole, takriban tofauti ya saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki kunatesa kuliko kuelekea magharibi, kwa kuwa saa hiyo kwa watu wengi ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24. Kuirefusha siku inaiona nyepesi, kuifupisha inagoma. Dawa niliyoiona ya kweli ni kutoka nje asubuhi nikapata mwanga wa jua, hata kama ni kuzunguka jengo tu.

Lakini jambo gumu la safari lilikuwa simu za jioni. Napiga, uso wa kijana wangu unajaa kwenye kioo. "Habari za shule?" "Nzuri." "Mlifanya nini leo?" "Hakuna." Kisha sote wawili tunatafuta pa kutazama. Ndipo tukaanza drafti. Yeye ana ubao nyumbani, mimi nilibeba mdogo wa kukunja. Kete 12 kila upande. Akisogeza ananipigia picha, nami nasogeza, namtumia yangu. Mchezo mmoja unaweza kula wiki nzima. Sasa tukipigiana simu tunaongelea ubao: kwa nini ameiacha ile kete ya pembeni, kama ameona kwamba naelekea kuingia kingi. Katikati ya hayo, bila kuulizwa, anapenyeza kwamba rafiki yake amehama shule. Au kwamba mwalimu wa hisabati amemsifu. Nikijifanya sijashtuka, ataongeza jingine. Nikisema tu "ehee, hebu nieleze vizuri," duka limefungwa.

Sasa mpira, na hapa mtanivumilia.

Nimekuwa kocha wa timu ya watoto wa chini ya miaka 12 kwa sababu siku waliyotafuta wa kujitolea, wazazi wengine wote waliinamia simu zao. Tunatumia mpira namba 4, ambao ni mdogo na mwepesi kuliko namba 5 wa wakubwa. Namba 5 mzingo wake ni sentimita 68 hadi 70, na ukimpa mtoto wa miaka kumi unamwona anapiga kwa mwili mzima kama anasukuma gari. Kuna waliokuja kuniambia niwazoeshe mapema mpira wa kikubwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto hajifunzi chenga kwa kitu kinachomshinda nguvu.

Kabla ya kugusa mpira tunapasha misuli kwa mpango uitwao FIFA 11+ Kids, uliotengenezwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Wanasimama kwa mguu mmoja, wanaruka na kutua kwa magoti yaliyolegea, na sehemu wanayoipenda kuliko zote, wanajifunza kuanguka. Naam, kuanguka ni somo: bega, mgongo, kubingirika, kuinuka. Utafiti uliofanyika katika nchi nne za Ulaya ulionyesha timu zilizofuata mpango huo zilipunguza majeraha kwa karibu nusu. Mzazi mmoja alikuja mapema, akakuta watoto wote wanajitupa chini kwa furaha, akadhani nimeshindwa kuwatuliza.

Kipa wetu aliniuliza kwa nini beki wake akimrudishia mpira kwa mguu haruhusiwi kuudaka. Nilimpa kisa chake. Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia lilikuwa kavu, wastani wa mabao 2.21 kwa mechi, mdogo kuliko wa fainali nyingine yoyote, na timu iliyotangulia kupata bao ilikuwa ikipoteza muda kwa kumrudishia kipa mara kwa mara. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Akafikiri, akasema: "Kwa hiyo wakubwa walikuwa wanacheza kama watoto wanaotaka kengele ilie." Sikuwa na la kuongeza.

Mwaka huu pia tuliweka utaratibu wa pembeni ya uwanja: kushangilia ruksa, kuelekeza marufuku, hata kwa kocha. Mtoto mwenye mpira mguuni akisikia "piga!", "toa!" na "rudisha!" kwa mpigo, anasimama akitafuta sauti ya baba yake badala ya kutafuta mwenzake aliye wazi. Siku za mwanzo kimya kilituuma sisi wakubwa kuliko wao. Baba mmoja alikuwa akitafuna kofia yake. Baada ya mechi kadhaa ikaanza kusikika sauti nyingine, nyembamba, kutoka ndani ya uwanja. Watoto walikuwa wanaitana. "Niko huku!" "Nyuma yako!" Hatukumaliza msimu kileleni, tena tulikuwa mbali nako, lakini mimi ile sauti ndiyo nilienda kuitafuta kila Jumamosi.

Na kuna safari ya kurudi nyumbani. Ndani ya gari hatuzungumzii mechi mpaka mtoto aianze mwenyewe. Kwa kawaida haianzi. Macho yetu yote mbele, jasho linakauka, na hapo ndipo kijana aliponiambia, kama anayesoma bango la barabarani, kwamba hapendi kucheza winga, kwamba amekuwa akikaa winga kwa sababu alijua mimi nilikuwa winga. Anataka kuwa beki. Nikasema sawa. Tukanyamaza tena hadi nyumbani, kimya kizuri kabisa. Sasa ni beki, tena mkorofi.

Kukimbia naendelea, ila kwa heshima ya umri. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, alikuwa akitumia kama dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Ni sawa na mita 200 kwa sekunde 34. Mita 200 hizo nazimudu. Baada ya hapo naagana na bingwa, namwacha na hizo kilomita 42 zilizobaki.

Mlima niliufanya na binti yangu, ambaye ameingia umri wa kujibu kwa mabega. Tulikwenda Kilimanjaro, njia ya Marangu, na kila aliyesikia aliuliza kama tutafika kileleni. Hapana. Mpango tangu mwanzo ulikuwa kufika vibanda vya Horombo, takriban mita 3,700, kukaa siku ya ziada, na kuteremka. Watu walituangalia kana kwamba tumenunua tiketi ya nusu ya filamu. Lakini mita 5,895 za kileleni si za kubeba mtoto kwa sababu baba anataka picha. Pale Horombo tu shinikizo la hewa limeshuka hadi karibu theluthi mbili ya lile la usawa wa bahari, na kule juu, kilele cha Uhuru, ni kama nusu. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kila usiku kati ya mahali pa kulala na pengine. Horombo iko mita elfu moja juu ya Mandara, vibanda vya usiku wa kwanza, ndiyo maana siku ya kupumzika ina thamani kuliko viatu vya bei.

Siku ya kwanza ni msituni, mbega wakiturukia juu ya vichwa na mikia yao mieupe. Siku ya pili miti inaisha, upepo unaanza. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa "polepole" na alimaanisha. Alipunguza mwendo hadi binti akacheka. Na mwendo ule ndio uliofungua mdomo wake. Njia ni nyembamba, mmoja mbele mmoja nyuma, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Alianza na maswali kuhusu wapagazi, mizigo yao, na kama wana watoto. Akaja kwenye lobelia, mmea wa kule mlimani ambao usiku hujikunja na kushika maji katikati ya majani yake. Juu ya maji hayo hufanyika barafu, na chipukizi la ndani halifi. Asubuhi tuliikuta ile barafu, ngumu kama kioo cha saa. Alichuchumaa kuitazama muda mrefu. Tulipoanza kutembea tena akauliza: "Baba, hivi unaipenda kazi yako?" Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza swali gumu namna hiyo. Nilimjibu kwa ukweli, na jibu lilichukua mwendo wote hadi Jiwe la Pundamilia, mwamba wenye mistari ulio juu ya Horombo. Aliyonieleza yeye wakati wa kurudi ni yake, siyaandiki hapa.

Kuteremka kuliyamaliza magoti yangu. Yeye alikuwa akiniangalia kwa huruma yenye dharau kidogo, na akabeba mkoba wangu sehemu ya mwisho bila kusema neno.

Ndiyo hali tuliyofikia nayo msimu huu. Sikukuu ina tabia ya kutukusanya sebuleni na kutuketisha duara, kila mmoja akitarajiwa kuwa na furaha ya kuonekana. Kwa wengine ni rahisi. Kwa wengine kuna kiti kilichobaki wazi mwaka huu, na swali la "mnaendeleaje?" linakuwa zito kulijibu mbele za watu. Nawafikiria sana ninyi mliozika mwaka huu. Sitawaketisha. Nitapita mmoja mmoja, na kama mtapenda tutatoka tutembee, hata bila kuongea.

Nawafikiria pia walio kazini wakati wengine tunapumzika: wauguzi, madereva, walinzi, wapishi, rubani mmoja ninayemfahamu ambaye Krismasi yake itakuwa juu ya mawingu. Na akina baba walio mbali kikazi, wanaopiga simu jioni na kuambiwa "nzuri" na "hakuna". Jaribuni drafti.

Shukrani zangu kubwa ni kwa mama wa nyumba hii, aliyeshika kila kitu nilipokuwa viwanja vya ndege, na ambaye amesoma barua hii kabla yenu na kufuta aya nzima kuhusu uzuri wa viatu vyangu vipya. Wazee wetu, shikamooni. Tutafika kuwaona kabla shule hazijafunguliwa. Wadogo zangu na wanangu wote, nawatakia Krismasi ya amani na mwaka wenye afya.

Mazoezi yanaanza tena Jumamosi ya pili ya Januari, saa mbili asubuhi. Tunahitaji glavu za kipa, saizi ya mtoto, na mtu mzima mmoja wa kukusanya koni. Safari hii nitaangalia ni nani wanaoinamia simu.

Wenu,
Baba watoto