Wito wa harambee: kizingiti, mlango na choo

Assalaam alaykum. Ndugu zetu wa shehia hii hapa Pemba, na nyinyi mlioko Unguja, Bara na ng'ambo.

Kamati ya msikiti inaomba mchango wa kurekebisha nyumba nne wanamoishi wazee na wagonjwa wa kiharusi ambao miguu haiwabebi tena. Hatuombi viti vya magurudumu. Viti huwa vinapatikana, kisha vinakaa ukumbini vikianikiwa nguo, kwa sababu mlangoni kuna kizingiti na vipandio viwili, na njia ya chooni inapita ua uliojaa mawe. Pensheni jamii, inayolipwa tangu 2016 kwa mwenye miaka 70 na kuendelea, humfaa mzee kwa chai na dawa, saruji haimo.

Kazi kubwa ni mteremko wa mlango wa mbele. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo sakafu iliyoinuka sentimita 30 inataka mteremko wa mita 3.6. Wengi huona ni mrefu mno, na mafundi wetu wamezoea ule wa kupandishia vespa ukumbini, mita moja au pungufu. Vespa ina injini. Anayemsukuma mtu pale huelemewa, na wakati wa kushuka kiti humponyoka. Nafasi ikiwa ndogo, mteremko unakunjwa kwa kituo cha bapa katikati, haufupishwi.

Upana uwe mita 1, na ukingo wa sentimita 10 kila upande ili gurudumu lisichomoke. Juu, mbele ya mlango, tunaacha bapa la mita 1.5 kwa 1.5, la sivyo mtu atahangaika na komeo huku kiti kinarudi nyuma. Ndani hujazwa mawe na kifusi kilichoshindiliwa, juu zege ya sentimita 10: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Zege ikiwa bado mbichi inapigwa fagio la chelewa kwa kukingama ili ibaki na mikwaruzo. Vigae, hata vipendeze vipi, masika huwa utelezi mtupu. Kisha inafunikwa magunia yaliyoroweshwa kwa siku 7. Nyumba moja itakula mifuko 7 ya saruji ya kilo 50.

Milango ya vyumbani haina gharama. Ubao wa mlango ukibaki kwenye bawaba hula sentimita 4 hivi za upana, na mara nyingi ndizo hizo zinazokwamisha kiti. Ung'olewe, litundikwe pazia.

Chooni ndiko tunakotaka moyo wenu zaidi. Mtu mzima kubebwa na mwanawe kila haja ikimbana ni uchungu, na wapo wanaojinyima maji mchana kutwa ili wasisumbue mtu. Juu ya choo cha kuchuchumaa tutaweka kiti cha mbao chenye tundu, kimo sentimita 45 mpaka 50, sawa na kitanda chake, na chini ya kila mguu kipande cha mpira wa tairi, maana mbao juu ya saruji iliyolowa huteleza. Pembeni vinasimamishwa vyuma viwili vya kushikia, kimo sentimita 75, miguu yake ikichimbiwa sentimita 40 ndani ya zege. Bomba la inchi moja na robo la futi 20 linatosha vyote viwili. Liwe lililopakwa zinki, kwani chuma kitupu huliwa na hewa ya chumvi. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wa pwani tusiletewe.

Vyuma hivi havifungwi ukutani. Kiambaza cha udongo hakishiki skrubu, na ukuta wa mawe na chokaa humeguka siku ile mtu anapoegemea uzito wake wote. Na shimo likiwa chini ya sakafu, hapachimbwi kabisa. Hapo kiti chenyewe kitatiwa mikono ya mbao. Fundi amuulize kwanza mwenye kutumia: mkono wa kushoto unahitajika kwa kujisafisha baada ya haja, basi chuma cha kulia ndicho kitakachombeba, na kama kiharusi kimeshika upande wa kulia mpango mzima unageuka.

Bei za dukani hazitulii, ndiyo maana tunaomba vitu kwa hesabu: mifuko 28 ya saruji kwa miteremko na 4 kwa vyoo, mabomba 4, mbao za viti vinne, kokoto, mchanga wa shamba. Mwenye gari ya ng'ombe atupe asubuhi mbili. Vijana tunawahitaji kwa kuchanganya zege. Fedha apewe mweka hazina msikitini baada ya sala ya Ijumaa, naye ataandika stakabadhi. Mlio mbali pitisheni kwa jamaa zenu wa mtaani. Zege inataka kumwagwa na kukauka kabla mvua za Machi hazijaanza, kwa hiyo saruji ndiyo itangulie.