Jiki inaua sare za judo na karate

Mhariri,

Wachezaji wengi hutia jiki kwenye sare nyeupe ili ing'ae. Jiki hula nyuzi za pamba. Kola huanza kulegea, kisha mabega yanachanika ukishikwa tu. Harufu ya jasho huondolewa kwa siki nyeupe: kikombe kimoja kwa lita 10 za maji baridi, loweka nusu saa, suuza, ndipo ufue kwa sabuni. (Siki na jiki zisikutane kamwe, hutoa gesi ya sumu.) Maji yasizidi nyuzijoto 30, maana pamba hurudi. Doa la damu likipata maji ya moto huganda humo humo. Sare ianikwe siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye begi hushika ukungu.

Wapo wanaodai mkanda haufuliwi. Huo ni uchafu tu. Ufueni peke yake, huchuja rangi.

Mpenzi wa judo