Tunaolinda usingizi wa wengine, nani atatuuliza tunalalaje?

Mhariri,

Mwenye nyumba ninayoilinda huku Milimani, Nakuru, ana saa ya mkononi inayompimia usingizi. Kila alfajiri anapotoka kwenda kukimbia huitazama kwanza kabla sijamfungulia lango, kisha hunisomea matokeo kama mtu anayetangaza mabao. "Leo 84, Baba Nekesa." "Leo 71, sijui niliota nini." Mimi humpa hongera au pole kulingana na nambari. Ilinichukua karibu mwaka mzima kung'amua kwamba usingizi huo anaoupima ni mimi niliyekesha nikiulinda, na kwamba katika miaka kumi na mmoja ya usoja hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nalalaje.

Aliyeniuliza hatimaye ni binti yangu, Nekesa, anayesomea uuguzi. Alikuja nyumbani Kaptembwo wakati wa likizo akiwa na karatasi za zoezi la chuoni, akaniomba niwe mgonjwa wake wa majaribio. Nilikubali kwa kuwa nilidhani atanipima presha tu. Kumbe ilikuwa hojaji ya usingizi, ile iliyotungwa na Daktari Daniel Buysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, ikachapishwa mwaka 1989. Ina maswali 19 kuhusu mwezi mmoja uliopita. Majibu hukusanywa katika mafungu saba, na kila fungu hupewa alama kuanzia sufuri hadi tatu. Jumla ikivuka 5 kati ya 21, mtu huhesabiwa kuwa analala vibaya. Katika mtihani huu anayepata alama nyingi ndiye aliyeanguka.

Tuliketi nje ya mlango, mimi nikipiga viatu rangi kabla ya kwenda kazini. Swali la kwanza likatukwamisha.

"Baba, mwezi uliopita, kwa kawaida ulikuwa unapanda kitandani usiku saa ngapi?"

"Usiku?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mama Nekesa akacheka huko ndani hadi akaweka sufuria chini. Mimi huingia kazini saa kumi na mbili jioni, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Nekesa akakata neno "usiku" kwa kalamu, akaandika "mchana", tukaendelea.

Naomba nikueleze mchana wa Kaptembwo, Mhariri, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Chumba chetu ni cha mabati, juu na pembeni. Kufikia saa nne asubuhi mabati hayo huanza kulia tak, tak yanapopata joto, na kufikia saa sita unahisi umelazwa ndani ya sufuria. Ukuta mmoja unatenganisha kitanda changu na fundi wa kuchomelea madirisha. Akimaliza kukata chuma, anapita yule wa kununua chuma mzee na kipaza sauti chake chenye maneno yaliyorekodiwa, ambayo sasa nayajua kwa moyo kuliko sala. Kisha watoto wa ploti wanarudi chakula cha mchana. Hojaji ya Pittsburgh inakuuliza kama huamshwa na baridi, joto, ndoto mbaya, maumivu, kikohozi au haja ndogo. Chuma mzee hayumo. Kwa bahati nzuri mwishoni kuna nafasi ya "sababu nyingine, eleza", na hapo Nekesa alijaza mistari mitatu, akamalizia pambizoni.

Kuna fungu moja lililonifungua macho. Unachukua saa ulizolala kweli, unazigawa kwa saa ulizokuwa kitandani. Mimi nilikuwa napanda kitandani saa mbili na nusu asubuhi na kuamka saa nane na nusu mchana. Ni saa sita. Nilipolazimishwa kusema ukweli, niliona kwamba nililala nne tu. Nekesa akabonyeza simu: asilimia 66 na ushei. Wanaolala vizuri hufika 85 au zaidi. Siku zote nikiulizwa na mke wangu nilikuwa nasema nimelala saa sita, na nilikuwa naamini, maana kitandani nilikuwepo. Zile saa mbili nyingine nilizitumia kujigeuza, kusikiliza chuma kikikatwa na kupiga hesabu ya karo.

Jumla yangu ilikuwa 15.

Swali la dawa lilinitoa jasho kidogo, kwa kuwa nilikuwa na mazoea ya kumeza kidonge cha mafua bila mafua, eti kinilaze. Lakini kuna jambo ambalo hojaji haikuuliza kabisa, nalo ni muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayofukuza usingizi. Soja mwenzangu yeyote anayesoma hapa anajua ninachosema. Saa nane za usiku, baridi inapoteremka kutoka Menengai na kope zimekuwa nzito kama magunia, wengi wetu hutafuna ili tusikutwe tumesinzia. Asubuhi majani hayo hayajui kwamba zamu imekwisha. Unalala chini, moyo unakimbia. Nadhani aliyetunga maswali kule Pittsburgh hakuwahi kukaa kwenye kibanda cha lango na kifuko cha muguka mfukoni, nami simlaumu. Ila wanaoyatumia hapa kwetu waongeze swali hilo kwa mkono.

Sasa nafika mahali ambapo kuandika ni kugumu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimebadilika, na kila mtu nyumbani alilijua isipokuwa mimi. Watoto wangu wawili wadogo walikuwa wameacha kuniletea madaftari ya kazi ya ziada, kwa kuwa nilikuwa nafoka hata kabla ya kusoma swali. Nilianza kuamini kwamba mtunza bustani wa jirani ya bosi ananichongea. Nikimwona anazungumza na mtu kwenye ua, nilihakikisha moyoni kwamba ni mimi ninayesemwa. Asubuhi moja nikiwa stejini nilitokwa na machozi bila sababu, nikajifanya vumbi limeniingia.

Nekesa alikuwa na karatasi ya pili. Hii ni ya maswali tisa, hutumiwa hospitalini kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Swali la tatu ni la usingizi. Yaani ukipima usingizi unagusa akili, na ukipima akili unakutana tena na usingizi. Swali la tisa huuliza kama umewahi kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo. Alilisoma akitazama karatasi, hakunitazama. Nilimjibu ukweli. Akafunga kalamu, akaingia ndani kuongea na mama yake, na kesho yake walinisindikiza wote wawili hospitalini.

Huko nyuma nilikuwa nimeenda kwenye zahanati mara nne kwa ajili ya kichwa kuuma. Mara zote nne nilipimwa presha na kupewa tembe za maumivu. Sitaitaja zahanati hiyo, kwani wahudumu wake hawakunikosea adabu na foleni yao ni ndefu. Ninachosema ni kwamba swali moja tu, "Mzee, unalalaje?", lingewafikisha kwenye ugonjwa mwaka mzima mapema. Na mimi pia nina lawama yangu. Mwanamume wa umri wangu atasema mgongo unauma, atasema macho yanawasha, lakini hatasema mawazo yanamsumbua. Wengine waliogopa hata sheria. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua katika nchi hii alikuwa wa kushtakiwa. Nani angeanza kusimulia mawazo kama hayo mbele ya dirisha la zahanati? Usingizi hauna aibu hiyo. Muulize soja yeyote analalaje, atakueleza hadi umkatize, na humo ndani ya maelezo yake utayasikia yale mengine.

Zamani ilidhaniwa kukosa usingizi ni dalili tu ya sonona, kwamba ukitibu huzuni usingizi utajirudia wenyewe. Mambo ni ya pande mbili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 21 zilizofuatilia watu kwa muda, ulionyesha kwamba wasiopata usingizi, hata kama mwanzoni hawana sonona, uwezekano wao wa kuipata baadaye ni kama maradufu ya wanaolala vizuri. Mwaka 2017 Uingereza ilitoa jambo lililonigusa zaidi. Wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26, wote wakiwa na shida ya usingizi, waligawanywa makundi mawili, na moja likapewa mafunzo ya kulala kupitia intaneti. Waliofunzwa walilala vizuri zaidi, na zile hisia za kudhani watu wanakuandama zikapungua pia. Nekesa aliponisomea hayo nilimkumbuka mtunza bustani wa watu. Baadaye niligundua jamaa huwa anazungumza habari za mbolea.

Mwaka huo huo wa 2017, Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza saa iliyomo mwilini, na waliichunguza kwa inzi wadogo wa matunda. Ikiwa inzi ana saa yake ya kulala na kuamka, basi soja wa Nakuru naye anayo, na haibadiliki kwa sababu tu meneja ameandika jina lako kwenye zamu ya usiku.

Maombi yangu ni kwa watu wa aina mbili. Kwanza ni wahudumu wa afya wa jamii. Tangu Septemba 2023 walipopewa mikoba yenye mashine za presha na sukari pamoja na simu za kunakili, wamekuwa wakifika hadi mlangoni petu. Wakiwa wanafunga ule mkanda mkononi, waulize: ulilala saa ngapi, ulikaa kitandani saa ngapi, ni nini kilichokuamsha? Hesabu ni ya kugawanya, simu inaifanya. Siwaombi mashine. Ile mitambo ya maabara ya kubandika nyaya kichwani na kando ya macho usiku kucha, ikasoma mawimbi ya ubongo na pumzi, ni mizuri, lakini mimi hata nikiletewa bure nitaivaa mchana nikiwa na fundi wa madirisha ukutani.

Pili ni waajiri wa walinzi. Katika kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, mwenzangu alikutwa amesinzia saa kumi alfajiri akafutwa kazi papo hapo, na sote tukakusanywa kusomewa onyo. Alikuwa amefanya zamu kumi na nne mfululizo kwa kuwa aliyepaswa kumpokea aliacha kazi. Hakuna aliyesoma hilo la zamu kumi na nne. Kusinzia kwa soja kunahesabiwa kuwa uzembe, hata daftari la mahudhurio linaposema vingine. Wakubwa, msitupangie zamu ya mchana Jumatatu na ya usiku Jumanne. Na mnapotupima kabla ya kutuajiri, kama mnavyotukimbiza uwanjani kuona pumzi, tuulizeni na hilo la usingizi, si ili mtukatae bali mjue mnatupanga vipi.

Mimi nimeendelea kumwona mshauri wa hospitali. Jambo la kwanza aliloniagiza lilinishangaza: nipunguze saa za kitandani. Nilidhani hajanielewa. Aliniambia nisipande hadi usingizi uje wenyewe, na nikikaa kama dakika ishirini bila kulala niinuke nikakae kwenye kiti. Sasa napanda saa tatu asubuhi, naamka saa nane na nusu palepale. Nimetundika blanketi nzito dirishani. Nikitoka kazini huvaa miwani nyeusi ili jua la asubuhi lisiudanganye mwili kwamba siku imeanza, na makanga wa stejini wameniita msanii hadi wamechoka. Chai ya rangi, mwisho ni saa sita za usiku. Muguka niliacha, nikaurudia, nikaacha tena. Fundi wa madirisha, ambaye kwa miaka mitatu nilimchukia bila kumsemesha, nilipomwendea na soda mbili alikubali kukata chuma kuanzia saa nane na kufanya kazi za kupaka rangi kabla ya hapo. Alisema hakujua kama kuna mtu anayelala nyuma ya ule ukuta. Chuma mzee bado hatujaelewana.

Nekesa alinipima tena mwezi uliopita. Nalala saa nne na nusu kati ya tano na nusu, asilimia 82 hivi. Jumla imeshuka hadi 11, ambayo bado ni ya mtu anayelala vibaya, na fungu la saa za usingizi lingali kwenye tatu kamili. Kidonge cha mafua kimerudi kuwa cha mafua. Jumapili iliyopita yule mdogo alisimama mlangoni na daftari la hesabu, akanitazama kwanza usoni kwa muda, halafu akaingia.

Baba Nekesa,
Mlinzi wa usiku, Kaptembwo, Nakuru.