Somo yangu, usiigeuze "kama"

Ngamiani, Tanga
12 Aprili

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku wazima, ila masika yametushika. Tangu juzi nguo hazikauki na njia ya kwetu imegeuka mto. Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa yule kijana wa basi la Pangani. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakuonea huruma. Kumbe umekwenda kusoma sheria ukidhani umeikimbia hesabu, wenyewe wakakupokea mlangoni na mantiki! Unasema alama zote umezikariri na bado huoni zinakufaa nini. Mimi mada hiyo naifundisha kidato cha tano kila mwaka, basi niache nikueleze kwa njia yangu. Alama ziweke kando kwanza.

Nianze na simu. Mwezi uliopita simu yangu ilizima ghafla, haiwaki wala haichaji. Ilikuwa na miezi minne tu, waranti ya mwaka mzima, nikairudisha dukani. Kijana wa pale akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Mama, hii imeingia maji. Waranti haihusiki." Nikamuuliza amejuaje na hata hajaifungua. Akanijibu bila kupepesa: "Simu ikiingia maji haiwaki. Hii haiwaki. Basi imeingia maji."

Nilisimama na risiti yangu mkononi, sijui nicheke au nilie. Kauli yake ya kwanza naikubali. Ya pili naiona kwa macho. Lakini ya tatu haitoki humo hata ukiikamua. Simu huacha kuwaka kwa mambo mengi, maji ni moja tu. Nikaenda kwa fundi wa mtaani, akaifungua mbele yangu: kavu kabisa, waya wa betri umechomoka. Elfu tano, ikawaka.

Kosa la kijana yule ndilo mantiki yote ya kuanzia, somo. Mantiki haikuulizi kama simu imeingia maji. Inakuuliza: hayo uliyokwisha kuyakubali, je, yanakulazimisha kulikubali na hili? Jina lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, na kwao lina shina moja na kutamka. Napenda hivyo. Ukishatamka jambo, kuna mengine umeyatamka bila kujua, na kuna mengine ambayo hukuyatamka lakini watu watakusingizia.

Ushike mfano ulioukariri utotoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ichukue kama kauli ya kweli, isiyo na mchezo. Sasa, mtu hakusikia. Basi guu litavunjika. Hiyo ni njia ya kwanza iliyo halali, unakwenda mbele na "kama" yako. Njia ya pili inarudi kinyumenyume: guu lake ni zima, basi alisikia. Hizo mbili tu. Ukiniambia guu limevunjika basi hakusikia, umekuwa kijana wa duka la simu. Na ukiniambia alisikia, basi guu lake litakuwa zima, pia umeteleza, kwa sababu methali haikuwaahidi kitu wanaosikia. Mwaka juzi nilipoanguka msalani nikafungwa plasta, shangazi alimwambia kila aliyekuja kunitazama, "Huyu hasikii." Nilikuwa na maumivu, sikuwa na nguvu ya kumfundisha.

Au ile ya dalili ya mvua ni mawingu. Watu wakiona wingu huanua nguo, na mara nyingi wanafanya vyema, lakini methali yenyewe ukiishika kwa ukali inasema kinyume: mvua ikinyesha, mawingu yapo. Kwa hiyo pasipo mawingu, usitarajie mvua. Mawingu yakiwepo? Imenyamaza.

Kwako wewe wa sheria iliyo muhimu zaidi ni mtaka cha uvunguni sharti ainame. Litazame hilo neno "sharti". Kuinama ni lazima, lakini nani kasema kunatosha? Unaweza kuinama hadi kiuno kikauma na uvunguni hakuna kitu. Kupiga kura Tanzania sharti uwe na miaka 18. Lakini nenda kituoni na miaka yako 18 bila kujiandikisha uone. Nusu ya mabishano ya mikataba, nadhani, yanatokana na mtu aliyetimiza sharti moja akaamini ameshapewa haki yote.

Umeuliza haya mambo yalianza na nani. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, ndiye aliyeyapanga kwanza, ila yeye alishughulika na "wote", "baadhi" na "hakuna": watu wote hufa, Wagiriki wote ni watu, basi Wagiriki wote hufa. Haya ya kuunganisha kauli nzima kwa "kama", "na", "au", yalipikwa na Wastoa, kundi jingine la wanafalsafa wa Kigiriki, na mpishi wao mkuu alikuwa Chrysippus, mzaliwa wa Soli, sehemu ambayo leo ni Uturuki. Kuna kisa chake cha mbwa nakipenda mno. Mbwa wa kuwinda anafuata mnyama, anafika njia panda yenye njia tatu. Ananusa ya kwanza, hamna. Ananusa ya pili, hamna. Basi anaingia ya tatu mbio, bila kunusa! Chrysippus akasema ni kama mbwa amejisemea: ama kapita hapa, ama pale, ama kule, hapa hakupita, pale hakupita, basi kule. Wanafunzi wangu huwa wanauliza, na kama mnyama amerudi alikotoka? Swali zuri. Hapo kosa si la hatua za mbwa, ni la kauli ya kwanza: njia zilikuwa nne.

Tofauti hiyo iweke vizuri kichwani kwa sababu mtihani wenu hautaiacha. Hatua za hoja ni mashine ya kusaga, kauli za kuanzia ni mahindi. Mashine ikiwa nzima, ukitia mahindi mabovu utapata unga mbovu, na mwenye mashine huwezi kumdai kitu. "Samaki wote huruka angani, papa ni samaki, basi papa huruka angani." Hoja hiyo ni halali kwa umbo, mashine imezunguka sawasawa. Mahindi ndiyo mabovu. Na upande wa pili, unaweza kupata hitimisho la kweli kwa mashine mbovu. Lau simu yangu ingekuwa kweli imeingia maji, hoja ya kijana ingebaki mbovu vilevile. Angekuwa amebahatisha tu.

Sasa lile lililokukera hata ukaliandika kwa herufi kubwa: kwa nini "kama P basi Q" (P na Q ni kauli zozote mbili) ihesabiwe kweli wakati P yenyewe ni ya uongo? Usijione mjinga. Wagiriki waligombana juu ya hilo, Philo upande mmoja na mwalimu wake Diodorus Cronus upande wa pili, hadi mshairi Callimachus akatania kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalia wakiulizana "kama" ipi ni ya kweli. (Kwa kunguru tulio nao Tanga, naamini.) Jedwali unalolikariri, lile linaloonyesha lini kauli ni kweli na lini ni uongo, ni rai ya Philo. Lifikirie kama ahadi. Baba anamwambia mwanawe: "Ukifaulu nitakununulia baiskeli." Mtoto kafaulu, kanunuliwa: baba mkweli. Mtoto kafaulu, hakununuliwa: baba mwongo. Mtoto kafeli, hakununuliwa: nani atamlaumu baba? Mtoto kafeli, na baba kamwonea huruma akamnunulia: bado hujamshika kwa uongo, kwa sababu hakusema lolote juu ya kufeli. Safu nne, uongo mmoja tu. Basi. Jedwali zima la "kama" ni kuuliza: lini nitakuwa na haki ya kumwambia umenidanganya?

Nakiri lakini kwamba jedwali halitoshi kwa Kiswahili chetu. Sisi tunasema "akija" na hatusemi kama ni "iwapo atakuja" au "wakati atakapokuja". Msikilizaji anajaza mwenyewe. Na tukisema "ningejua nisingekuja", tumeshakiri papo hapo kwamba hatukujua na tulikuja. Jedwali halina mdomo wa kutamka "-nge-". Wenye mantiki wameandika mengi juu ya hilo, wewe kwa sasa liruke.

Usiliruke hili, maana litakufikisha mahakamani siku moja. Mwenye nyumba wa jirani zangu alibandika karatasi ukutani: "Wapangaji wote hawajalipa kodi." Ilizuka vita! Waliokwisha kulipa wakasema wametukanwa. Yeye akaapa alimaanisha si wote waliolipa. Maneno yaleyale, maana mbili: hakuna hata mmoja aliyelipa, au wapo wasiolipa. Ikiwa ni ile ya pili, sema "si wapangaji wote waliolipa", ukanushi uutangulize mbele ya "wote", uone ulivyotulia. Na "na" ni vivyo hivyo. Shahidi akisema si kweli kwamba dereva alikuwa na leseni na bima, hajasema alikosa vyote viwili. Amesema alikosa leseni, au alikosa bima, au vyote. Kanuni hiyo imepewa jina la De Morgan, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1806, ingawa ilijulikana karne nyingi kabla yake.

Shemeji, najua, atakuuliza haya yanaleta ugali gani mezani. Mwambie atazame taa. Yeye si ndiye fundi umeme? Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, taa inawaka zote mbili zikiwashwa: hiyo ni "na". Zikiwekwa sambamba, moja ikiwashwa inatosha, na zote mbili pia sawa: hiyo ni "au" ya mantiki, inayokubali vyote. Ile taa ya ngazini inayowashwa chini na kuzimwa juu ni "ama hii ama ile, si zote". Mwanahisabati Mwingereza, George Boole, alikuwa ameigeuza mantiki kuwa hesabu, kitabu chake kikubwa kikatoka 1854. Mwaka 1937 kijana mmoja wa Marekani, Claude Shannon, akaonyesha kwenye tasnifu yake kwamba hesabu ile ndiyo hasa inayoeleza saketi za swichi. Kompyuta zote zimepita hapo, na simu yangu iliyosingiziwa maji nayo imo.

Nikuachie zoezi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alieleza jaribio lake la kadi nne, zenye herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na watu wengi sana, wasomi kabisa, walilikosa. Mimi nakugeuzia liwe la basi. Kanuni: abiria akiwa na mzigo mkubwa, lazima awe na risiti ya mzigo. Wewe ni mkaguzi. Mbele yako wapo wanne: mmoja unamwona ana gunia, wa pili unamwona hana mzigo, wa tatu kashika risiti ya mzigo, vitu vyake vimefichika nyuma ya siti, wa nne anakuambia hana risiti yoyote, naye vitu vyake huvioni. Utawachunguza wangapi, na akina nani? Nikiliuliza darasani kwa herufi na namba, wanaopatia hawajai kiganja. Nikiliuliza kwa basi, hata wanaosinzia nyuma wanainua mikono. Nimeshafikiria sana kwa nini, na jibu langu ni kwamba kwenye basi wote tumewahi kutafuta mwongo, ila kwenye herufi tunatafuta tu kinachofanana na kanuni. Usimchunguze mwenye risiti, somo! Hawezi kuwa ameivunja kanuni.

Mkono umechoka na umeme unacheza. Wabusu watoto, na shemeji mwambie ile swichi ya varanda bado inanisubiri.

Mvua isiponyesha Jumamosi, nitakuja Pangani. Ikinyesha, sijasema kitu.

Somo yako